Moto Unaotoka Zizini

Haneti, Chamwino
Jumapili, baada ya ibada

Kwako kaka Gerson,

Shikamoo kaka. Naamini barua hii itakukuta salama hapo Makole, wewe, wifi Hilda na watoto. Huku tu wazima. Ng'ombe wamekonda kwa kiangazi lakini wanasimama wenyewe, na mama anakusalimu sana. Ningeweza kukupigia simu, ila kwenye simu huwa unanikatisha katikati, na leo nataka nimalize.

Nianze na habari njema. Mama hakohoi tena kama zamani. Unajua alivyokuwa akitoka jikoni macho mekundu, kitenge amekibana puani, anashika ukuta ndipo apate pumzi. Muuguzi wa zahanati alituambia wazi kwamba asipoachana na moshi wa kuni hatutakaa naye sana. Nilipokueleza ukasema utaleta mkaa. Nikakuuliza huo mkaa utatoka wapi, ukasema nisijali.

Mimi nilijali. Nilikuwa nimesikia kuna fundi wa kike kutoka Kondoa, Hamida jina lake, anayejenga mitambo ya biogesi kwenye shule moja huku kwetu. Nikaenda kumwona. Akanionyesha jinsi samadi inavyofungiwa chini ya ardhi mpaka itoe gesi, na gesi inavyopita kwenye bomba hadi jikoni. Nikamwambia samadi tunayo, ila maji ya kuichanganyia ndiyo shida yetu. Akaniambia tusakafie zizi tukinge mkojo wa ng'ombe, utapunguza sana maji ya kuongeza. Siku aliyokuja kuchimba, mjomba Kefa alisimama pale akituangalia, akasema hajawahi kuona Mgogo anayepikia kinyesi, na kwamba yeye hatakula kwetu tena.

Sitakuficha, mara ya kwanza moto ulikataa. Watu walikuwa wamejaa uani. Hamida akawasha kiberiti, kikazima, akawasha kingine, kikazima. Mjomba Kefa akasema tumezika matofali bure, watu wakaondoka wakicheka. Niliona aibu hadi nikaingia ndani. Hamida akanifuata, akasema gesi ya mwanzo huwa haiwaki, inaachiwa itoke, na kama nataka kulia nilie huku nakoroga samadi. Nikakoroga. Wiki iliyofuata tukajaribu tena, mimi, mama na Hamida tu, na ukatokea moto wa buluu usio na moshi hata kidogo. Mama akavuta kigoda karibu. Akapika mlenda, akasonga ugali, kisha akaniagiza nilete maharage, ambayo tulikuwa tumeacha kuyapika kwa sababu yanamaliza kuni. Alikaa pale jikoni akiongea mpaka maharage yakaiva, kaka. Mama yetu, ambaye jikoni alikuwa haongei kwa kuogopa kukohoa.

Sasa nije kwenye jambo lililofanya nikuandikie. Thobias alipofika na watu wake na misumeno, akisema umemtuma wakate miti ya kilima cha baba wachome mkaa, alikuta kibali bado hakijapitishwa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa ameshakubali moyoni, ilibaki mikono tu kunyanyuliwa. Ndipo mtu mmoja akasimama. Akasema kilima si cha Gerson peke yake, na kwamba upande wa pili miti ilipokwisha kisima cha wenzetu kilikauka, na chetu kiko chini ya kilima hiki hiki. Wanakijiji wakakataa kibali. Thobias akaondoka na misumeno yake.

Nasikia umemwambia kila mtu kwamba aliyekusema ni Mzee Meshack, kwa sababu ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwenye msiba wa shangazi alikunyooshea mkono ukampita. Nilikuwepo nikaona. Yule mzee alijua ukweli, lakini alirudisha mkono wake mfukoni tu. Nilipomwuliza kwa nini hakujitetea, alisema si kazi yake kumtaja mtoto wa watu.

Basi najitaja mwenyewe. Aliyesimama mkutanoni ni mimi, Emiliana, mdogo wako wa tumbo moja. Nilikutaja kwa jina lako mbele ya kijiji kizima. Nilipokaa, mama akasimama akasema hivyo hivyo. Watu walikuficha ukweli huo kwa kutuonea huruma, sisi hatukuwaomba.

Sikuombi msamaha, na ukimtuma Thobias tena nitasimama tena. Ninachokuomba ni umwendee Mzee Meshack umpe mkono wako.

Na ujue kwamba Ruthu wa jirani ameanza kuchimba shimo lake. Hata mjomba Kefa amekuja kuuliza, akijifanya anatafuta ndama aliyepotea. Hamida anahangaika kupata wa kuleta saruji na mabomba kutoka mjini. Lori lako linabeba mkaa, saruji litashindwaje? Nilimtajia jina lako. Akauliza kama wewe ni mtu wa kusikia, nikamwambia sijui, nitakuandikia nione.

Wifi Hilda umsalimie sana, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anasema mavuno yakipita mje wote. Ameniagiza niandike neno hili kama alivyolisema: mlango wa nyumba uko wazi, kilima kimefungwa.

Ni mimi mdogo wako,
Emiliana