Komeo la Nje

Mkuza, Kibaha
13 Aprili 2025

Somo yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa, na binti yako Tatu anaendelea vyema na ujauzito wake. Mimi mzima. Nafundisha, nasahihisha madaftari, nakula ninapokumbuka.

Kuna sauti moja ambayo haijaniacha. Ni sauti ya komeo la chumba cha uani pale kwetu Kisarawe, nilipokuwa mwali. Wewe ulikuwa ukilivuta kwa pupa, kraa, halafu unaingia na uji na maneno yako. Lakini siku moja, Ijumaa mchana, wanaume wako msikitini na mama yuko kwenye hitima, lilivutwa polepole, kama mtu anayechomoa mwiba kwenye mguu wa mtoto aliyelala. Likafika katikati, likasimama. Nilikuwa nimekaa mkekani na kaniki yangu. Ulikuwa umenifundisha kwamba mwali hapazi sauti, akitaka kitu hupiga makofi. Nikapiga makofi. Kinu kikanyamaza uani. Baada ya hapo nakumbuka umeingia ukanipaka mafuta kichwani bila kusema neno, wewe ambaye hata kwa kuku una la kuwaambia.

Kilichoniamsha ni jambo dogo. Mwenye nyumba wangu hapa Mkuza anabadilisha milango. Fundi akaniuliza komeo liwe upande gani. Nikamcheka, nikamwambia, "Ndani, kwani kuna komeo la nje?" Kisha nikabaki nimesimama. Lipo. Nimelala nyuma yake likizo nzima na sehemu ya muhula, kaka yangu Amiri akinisomea hesabu dirishani ili nisiachwe na wenzangu. Yeye alipotoka jando alizungushwa nyumba kwa nyumba akipewa zawadi, na hakuna aliyemfungia. Komeo la nje linamzuia aliye ndani asitoke. Halimzuii aliye nje asiingie. Nashangaa sikuwahi kulifikiria hili.

Na sasa mama amenipigia simu. Saida amevunja ungo, naye atawekwa ndani likizo ya Juni. Mdogo wangu ana miaka kumi na tatu na bado anaogopa mijusi. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyenifunda, kwa kuwa mambo haya hayaulizwi mama: nani alivuta lile komeo?

Sipigi simu kwa sababu simu yako hupokelewa na nyumba nzima. Barua anakuletea Shamsia, anayekuja huko kununua mihogo.

Mwali wako,
Firdausi


Kisarawe
21 Aprili 2025

Mwali wangu Firdausi,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Magoti yananikumbusha mvua kabla mawingu hayajakusanyika, lakini nalima. Tatu yuko Mlandizi kwa mumewe, tumbo limekuwa kama mtungi wa harusi. Unakula unapokumbuka? Na ukiolewa, mume naye utamkumbuka siku ngapi kwa wiki?

Wewe tangu zamani ni wa kuuliza. Nilikufundisha kukaa, ukaniuliza mbona Amiri anakaa apendavyo. Nilikufundisha kuinamisha macho, ukaniuliza utaionaje njia. Nikasema huyu mwali atanizeesha, na umenizeesha kweli.

Lile komeo lilikuwa mbuzi. Mbuzi wa kina Mashaka, mwenye tabia ya kujikuna kwenye milango ya watu. Nilimfukuza kwa mchi, akaenda. Basi.

Usimtie Saida wasiwasi. Mwache aingie kwa furaha, apikiwe, apakwe mafuta, aimbiwe. Ulifurahi wewe pia, usijifanye umesahau. Na maneno haya yasifike kwa mama yako wala kwa baba yako. Ya mwali ni ya mwali na somo yake, ndivyo nilivyokula kiapo mimi, ndivyo alivyokula aliyenifunda.

Somo yako,
Mwanaamina


Mkuza, Kibaha
4 Mei 2025

Somo yangu,

Shikamoo. Huku mvua haina huruma, njia ya kwenda shuleni, Pangani hii ya hapa Kibaha, imekuwa bwawa na wanafunzi wanafika wamebeba viatu mikononi. Lakini wazima, nami mzima, na leo nimekula mara mbili.

Nilifurahi, ndiyo. Hilo ndilo linalonitatiza. Napenda nilivyopakwa mafuta, napenda nyimbo zako, hata zile ambazo sasa ndiyo nazielewa na kuona haya. Sitaki kuzitupa. Nataka kujua tu kilichokuwa kinapita pembeni yake.

Nimemfikiria yule mbuzi. Komeo letu lilikuwa juu, mimi mwenyewe nililifikia kwa kunyoosha mkono. Mbuzi wa kina Mashaka angehitaji kigoda. Tena mbuzi akijikuna hutikisa mlango mzima, na mlango ule haukutikisika. Halafu nikakumbuka mengine. Tangu siku ile ulihamishia mkeka wako mlangoni, ukalala hapo na kutwangia hapo. Na baba mdogo Hashiru, mtoto wa amu yake baba, aliyekuwa akila kwetu kila Ijumaa, hakuonekana mpaka nilipotolewa. Siku ya kutolewa alileta khanga, nawe ukaikataa kwa niaba yangu, ukasema mwali hapokei rangi ile. Nimewauliza wanawake watatu wa Kizaramo hapa Kibaha. Hakuna aliyewahi kusikia mwiko wa rangi.

Sasa nikwambie ambalo huenda hujalisikia. Ukuta wa chumba chetu cha uani umeanguka kwa mvua. Kwa hiyo Saida atawekwa nyumbani kwa baba mdogo Hashiru, kwenye nyumba yake mpya, chumba cha nyuma. Amejitolea mwenyewe. Mkewe yuko Dar na biashara zake, anarudi mara chache. Baba anasema ndugu yake amempa heshima kubwa.

Niambie kama nakosea, somo. Nitafurahi sana kukosea.

Mwali wako,
Firdausi


Mkuza, Kibaha
18 Mei 2025

Somo yangu,

Shikamoo, na pole kwa uuguzi. Shamsia amekuta nyumba yako imefungwa, akaambiwa uko Mlandizi kwa Tatu. Barua yangu imelala chini ya mlango wako Kisarawe, kwa hiyo hujui.

Kwa kifupi: Saida atawekwa ndani kwa baba mdogo Hashiru. Ataingia siku shule zikifungwa, mwanzoni mwa Juni. Mkeka na kaniki vimeshapelekwa.

Sikuulizi tena habari za mbuzi. Nauliza jambo moja: aende au asiende?

Firdausi


Mlandizi
22 Mei 2025

Firdausi mwanangu,

Salamu nitazitoa mwishoni. Asiende.

Alikuwa Hashiru. Nilisikia makofi yako, nikaacha kutwanga, nikazunguka pembe ya jiko nikamwona amesimama, viatu amevua, mkono uko kwenye komeo. Nilimpiga kwa mchi begani. Hakulia, kwa sababu angelia watu wangekuja. Alisema anatafuta jembe. Nikamwambia akirudi pale na mguu wake, mchi utashukia kichwani. Hakuingia, mwali wangu. Huo ndio ukweli wote, usijitese kwa kuongeza.

Najua utakalouliza. Ningesema, wangeuliza kwanza mwali amekuwaje, si Hashiru amekuwaje. Ungetolewa ndani mji mzima ukikupima kwa macho, na posa zikija zinauliza kwanza habari ya ile Ijumaa. Mimi nilikuwa nimekula kiapo juu yako, sio juu ya baba yako. Nilikuchagua wewe. Nirudishe siku ile, nitachagua vilevile.

Sasa nisikilize. Usimwambie baba yako. Mwambie mama yako umesikia chumba cha Hashiru kina nyoka, wamsogezee Saida siku mpaka likizo ya Desemba. Mtoto akitimiza arobaini nitarudi, nitakaa na Saida mwenyewe, mlangoni, na mchi wangu.

Mtoto ni wa kike. Wamempa jina Maulida. Ana nywele nyingi na hasira za babu yake. Tatu hajambo. Nami sijambo yangu ndiyo hiyo, namwangalia anavyolala na nashindwa kuimba.

Barua anakuletea jirani yetu Faudhia, anayeshuka Kibaha na mboga. Hujambo, mwanangu?

Somo yako,
Mwanaamina


Kisarawe
1 Juni 2025

Somo yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe Tatu hongera, mbusu Maulida kwenye hizo nywele zake. Sijambo. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwetu, na utakapomaliza kusoma huenda utanikasirikia. Nimejiandaa.

Nilimfikiria nyoka wako safari nzima. Nyoka angemwondoa Saida kwenye chumba kile. Asingemwondoa Hashiru kwenye Idd zetu, wala kwenye jina la baba mdogo, wala kwa mabinti wengine wa ukoo wanaosubiri zamu yao. Na Desemba atakuwa amejitolea tena.

Niliomba ruhusa shuleni, nikafika juzi Ijumaa. Baada ya alasiri niliwaita baba na mama chumbani, nikawaambia. Nilisema taratibu, kwa macho yaliyoinuka, hilo unisamehe. Nilianza na sauti ya komeo, nikamaliza na mchi.

Baba aliuliza, "Alikugusa?"

Nikasema hapana, somo alimuwahi.

Nilimwona anavyozipitia Idd zote kichwani, sinia moja, mkono wake na wa Hashiru. Kisha akakukasirikia wewe. Akasema Mwanaamina amemwacha ale na mtu yule miaka yote hii kama mjinga. Nikamwambia, "Mlimwapisha asiseme, baba. Sisi sote mlituapisha. Yeye alikuwa na wapi pa kusemea?"

Mama ndiye aliyesema, na alisema akiwa anakunja khanga iliyokwisha kukunjwa. "Ile hitima ilikuwa ya mama yake Hashiru. Nilikuwa nawapikia pilau ya mama yake." Akaikunjua, akaanza upya.

Baba alivaa kofia akatoka. Alirudi jua linaelekea kuzama, amebeba mkeka begani na kaniki kwapani, mwanamume mzima barabarani na vitu vya mwali, watu wakimwangalia. Sijui waliongea nini huko. Alisema sentensi moja tu: "Anasema alikuwa anatafuta jembe."

"Jembe," mama akasema. "Kwenye chumba cha mwali."

Ulikuwa sahihi kwa jambo moja, na nataka ujue kwamba nimeliona. Jana sokoni mama mmoja alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza kwa upole kama nina mchumba. Wanapima, kama ulivyosema. Inauma kidogo kuliko nilivyoogopa, na zaidi ya ninavyokiri kwa mama. Ulinikinga na macho hayo nilipokuwa mtoto, nami nakushukuru. Lakini sasa ni mtu mzima, na mtoto ni Saida.

Saida ataingia ndani. Hilo pia nataka ulijue, maana baba alitaka kufuta kila kitu na Saida akalia, amesubiri kupakwa mafuta tangu aliponiona mimi. Ataingia siku shule zikifungwa na atatoka kabla hazijafunguliwa. Baba ametoa chumba chake, analala barazani na Amiri, anayelalamika kwamba mzee anakoroma. Mpaka utakapofika nitakaa naye mimi. Mama alisema somo ambaye hajaolewa hajawahi kuonekana, nikamwambia basi mniite mlinzi wa zamu.

Mlango wa chumba cha uani haukuvunjika ukuta ulipoanguka, ulikuwa umeegemezwa kwenye mgomba na komeo lake bado liko. Nililishika. Nililivuta polepole, katikati nikasimama, nikasikiliza. Ni kipande cha chuma tu, somo. Kina kutu. Nilidhani nitaogopa, kumbe nilikuwa na hamu ya kujua litalia vipi nikilimaliza. Nikalimaliza.

Kisha nikamwita Gregori fundi, alifungue pale na kulifunga kwenye mlango wa chumba cha baba, kwa ndani. Akakuna kichwa. "La ndani, dada? Kwa mwali?"

"Kwa mwali."

"Na akigoma kutoka, mtamtoaje?"

Nikamwambia tutamwomba. Aliona ni kichekesho cha mwaka, lakini amefunga vizuri, skrubu nne, na amelipaka mafuta.

Saida amekwisha kulifunga na kulifungua mpaka Amiri amemwomba apumzike. Aliniuliza yeye sasa ni mwali au ni askari. Nimemwambia ya makofi, yabaki kwa ajili ya kuomba uji. Kwa jambo jingine lolote apige kelele, ataje na jina la mtu. Hakuamini kama anaruhusiwa. Tukafanya jaribio. Alipiga ukelele mmoja, kuku wa kina Mashaka wakatawanyika, Amiri akaja mbio na andazi mkononi, na baba akasimama barazani bila viatu. Saida akaona haya, akacheka, akataka kurudia.

Basi nimevunja kiapo chako, na nimekivunja bila kukuomba. Baba bado amekununia, lakini leo asubuhi ameuliza magoti yako yakoje. Arobaini ikitimia njoo, utawakuta mwali wako wa kwanza na wa pili, maana nyimbo zile si zote ninazozijua na nyingine naona haya kuziimba. Mchi njoo nao kama unataka.

Ukifika, usihangaike kutafuta komeo. Piga hodi. Saida atakufungulia mwenyewe.

Mwali wako,
Firdausi