Deheni Chini ya Gari

Baba yangu, Fundi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, goti limeacha kukusumbua, na Mama yuko jikoni anakugombeza kwa sababu umeanza tena kunywa chai ya sukari nyingi. Presha yake imeshuka? Na hapo Jibondo maji mnapata vizuri, au mmerudi kwenye madumu? Mimi Zuhura ni mzima, alhamdulillahi. Huku Ireland ya Kaskazini baridi haijaondoka, lakini nimeshaizoea kiasi kwamba sasa natoka na soksi jozi moja tu.

Naandika kwa sababu ulisema simuni nazungumza mbio na mtandao unakula nusu ya maneno. Anayekuletea ni dada mmoja wa Pemba tunayefanya naye kazi, anakuja likizo. Ataituma kutoka Dar hadi Kilindoni, na kutoka Kilindoni mtaipata. Rukia, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea Baba. Soma taratibu, na usiruke mahali ninapojiumbua, maana ni pengi.

Baba, mara ya mwisho uliniuliza mbona sauti yangu haina raha, nikakujibu ni kazi tu. Nilikudanganya. Lilikuwa gari.

Unajua kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kila asubuhi nina nyumba sita. Mmoja namwogesha, mwingine namvalisha, mwingine nampa dawa na uji wake. Nyumba zenyewe ziko mashambani, hazifikiwi na basi, kwa hiyo asiye na gari hana kazi. Na kibali changu cha kukaa nchi hii kinategemea kazi hiyohiyo. Kazi ikienda, na mimi nafungasha.

Sasa, hapa gari likishakuwa na umri, kila mwaka lazima lipelekwe kwenye kituo cha serikali likakaguliwe. Si gereji ya mtaani ambako unaweza kumbembeleza mtu. Ni banda kubwa la serikali, na wanaokagua ni waajiriwa wa serikali. Unaomba nafasi mwenyewe mtandaoni na unalipa kabla ya kwenda, pauni thelathini na kitu. Bei si ya kuliza mtu. Kinacholiza ni kuipata hiyo nafasi, maana magari ni mengi na vituo ni vichache. Barua ya kunikumbusha ililetwa mapema kabisa, nikaiweka juu ya friji, nikaisahau. Siku niliyoikumbuka, nafasi ya karibu ilikuwa baada ya miezi mitatu, na cheti changu kilikuwa kimebakiza wiki tatu.

Njia iliyobaki ni kuvizia. Mtu akiahirisha, nafasi yake inajitokeza mtandaoni, na anayewahi ndiye anayeichukua. Basi kila nikimaliza sala ya alfajiri nakaa kitandani na simu, nafungua na kufunga ukurasa uleule. Nikabahatika. Nilipata nafasi ya siku mbili kabla ya cheti kuisha, katika mji mwingine, mwendo wa saa nzima.

Rukia, kuanzia hapa usicheke mpaka Baba acheke kwanza.

Nilipoinama kuliangalia gari chini nikaona kutu. Baba, watu hawa wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani! Chumvi, kwa makusudi, kwa malori, ili barafu iyeyuke. Gari zima kwa chini limeliwa kama msumari uliosahaulika ufukweni. Nikawaza, mimi ni mtoto wa nani? Si mimi niliyekuwa nikikuyeyushia mafuta kila mkishusha chombo kipya? Nikaenda buchani nikaomba mafuta ya ng'ombe, nikamuuliza yule bwana mara tatu kama kweli ni ya ng'ombe mpaka akaudhika. Nikanunua chokaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikapika deheni jikoni kwangu, madirisha wazi, jirani akagonga kuuliza kama niko salama. Jumapili nikalala chini ya gari nikalipaka lote kwa mkono, kama ulivyokuwa ukipaka wewe. Lilitoka jeupe, nene, limeng'aa. Nilijisifu peke yangu. Nikasema mkaguzi akiona jinsi linavyotunzwa atanipa mkono.

Siku ikafika. Nikaingiza gari juu ya shimo la kukagulia, mkaguzi akashuka na tochi yake. Ni mtu mzima, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Mara nikamsikia akitaja jina la Mungu wao. Kipande cha deheni kilikuwa kimemwangukia begani.

Akapanda juu. "Mama, hii ni nini?"

"Ni deheni," nikamwambia. "Mafuta ya ng'ombe na chokaa. Baba yangu anaunda vyombo vya baharini. Huzuia maji."

Akafuta bega lake. "Sina shaka inazuia. Inanizuia na mimi. Nitakaguaje kitu nisichokiona?"

Nikamwomba akwangue kidogo tu aangalie. Akasema kazi yake si kukwangua, gari lije likiwa safi au lisije. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniumiza, maana angekuwa mkali ningepata pa kumlaumu. Gari halikukaguliwa, ada haikurudishwa, na nilitakiwa kuomba na kulipa upya. Siku mbili baadaye cheti kikaisha.

Bosi wangu alikuwa mwelewa kadiri alivyoweza. Alinipa nyumba mbili za hapa mjini ninazoweza kufika kwa miguu. Lakini aliniambia wazi: "Zuhura, nakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sitakuwa na la kufanya."

Gari likavutwa hadi kwa Idris, fundi Msudani tunayeswali naye msikiti mmoja, gereji yake iko mtaa wa nyuma yangu. Tukalala chini ya gari wawili, kila mtu na kikwanguo chake. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasimamisha kikwanguo, akaniambia, "Dada, sogea uone." Chini ya deheni yangu kulikuwa na bomba la breki lililooza. Akaliminya kwa vidole viwili tu, likavunjika.

Hapo ndipo nilipokukumbuka vibaya, Baba. Nilikumbuka unavyomzungusha mwenye chombo ubao kwa ubao, anatia kidole kwenye kila kalafati, pale pamba iliposhindiliwa kati ya mbao, mpaka aseme ameridhika, ndipo unaagiza mafuta yawekwe motoni. Mimi nilikuwa nikingoja kwenye sufuria, nikaona deheni tu. Yale ya kabla sikuyatazama. Nimeendesha gari hilo milimani na bibi mmoja wa miaka tisini kiti cha mbele, nikimpeleka kliniki. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kukosa kazi.

Idris akaweka bomba jipya. Nikarudi kuvizia nafasi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi moja nafasi ikajitokeza, ya wiki ileile. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza, Baba. Nilikaa naitazama. Nikawaza, nikiiacha hii hakuna atakayenilaumu. Nitasema gari lilikataliwa, kazi imekwisha, ndiyo sheria yao. Nikajiona nimeshuka Kilindoni na begi langu, Rukia amekuja na boti kunichukua, Mama analia na kucheka. Nilipozinduka nafasi ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Siku nzima nilifanya kazi kwa raha ambayo sijaipata tangu nifike huku. Jioni ndipo aibu ikaja. Nikaona kwamba ninataka kurudi lakini nataka gari ndilo liseme kwa niaba yangu.

Siku ya tatu nafasi nyingine ikatokea. Nikabonyeza.

Cheti kikishaisha huruhusiwi kuliendesha gari popote, ila kwenda kwenye huo ukaguzi uliouwekea miadi. Nilikwenda polepole, na karatasi ya miadi nimeiweka kwenye kiti. Nikamkuta mkaguzi yuleyule. Akanitambua, akatazama bega lake kwanza, kisha akashuka shimoni. Alikaa muda mrefu. Alipima breki, taa, usukani, moshi. Akatoka na karatasi.

"Limepita," akasema. "Na bomba jipya la breki limefungwa vizuri. Lile la zamani lilikuwaje?"

"Lilikuwa bovu, na mimi ndiye niliyelifunika."

Akatikisa kichwa, akanipa cheti. Nikaendesha mpaka nje ya geti, nikaegesha, nikalia. Wenzangu wangedhani ni furaha. Kazi nilikuwa nimeipata tena, na nyinyi nilikuwa nimewakosa tena, yote kwa karatasi moja.

Cheti hiki ni cha mwaka mmoja. Jana nilimwambia bosi wangu kwamba kikiisha sitaomba kingine. Aliuliza kama kuna mtu aliyeniudhi. Nikamwambia hapana, hakuna aliyeniudhi, nataka kwenda kwetu.

Nisalimie Mama sana, na mwambie dawa ya presha humezwa kila siku, si siku za kichwa kuuma tu. Nisalimie kaka yangu wa Miburani na mkewe, na wapwa zangu wote. Nisalimie mjomba anayefanya kazi hotelini Utende, bado ana deni la kunijibu ujumbe wangu. Shangazi msimamizi wa mwani mpe mkono wangu, na mafundi wenzako wote pale ufukweni, lakini habari ya deheni usiwasimulie mpaka nifike nijitetee mwenyewe. Rukia, ahsante kwa sauti yako.

Baba, kama unaona si wakati wa mimi kurudi, niandikie mapema, nitakusikiliza. Na kama unaona ni wakati, huna haja ya kuandika kitu. Mwambie Mama tu awe anafungua dirisha la chumba changu, kiingie hewa.

Ni mimi mwanao,
Zuhura