Kulirudisha Gari Bovu Ipagala

Njia ya Mpwapwa, juu ya Kongwa
Jumatano mchana

Kwako Dada Filomena,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na magoti ya mama yamepata nafuu kidogo. Kahawa huko Mbinga mmekwisha kuchuma? Shemeji kikohozi kimemwachia? Huku sisi ni wazima wa mwili. Moyo ndio hauko mahali pake, na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua tangu ofisi itupunguze, mimi na mume wangu Elia tunakula kwa gari. Alichukua kiinua mgongo chake akanunua pikapu iliyotumika, na kwa kuwa siku hizi biashara ya mahindi ni huru, akawa anazunguka vijijini kununua na kwenda kuuza Dodoma mjini. Wiki iliyopita alikuwa anarudi na mzigo. Kabla hajaanza kuteremka mlima, chuma kinachounganisha usukani na magurudumu ya mbele kikakatika. Usukani ukawa unazunguka bure mikononi mwake. Gari likaingia mtaroni, rejeta ikapasuka. Mungu alimtoa na mikwaruzo tu, lakini tangu siku ile mlango ukijifunga kwa upepo anashtuka, mtu mzima.

Kipuri mpaka Dar es Salaam, na gari haliwezi kukisubiri huku. Betri imekwisha kuibwa, na vioo vya pembeni. Kisingebaki kitu kama si Mama Chilewa, mama wa Kigogo mwenye nyumba karibu na barabara, aliyehamishia mkeka wake kando ya gari akawa analala hapo na jembe. Halafu mawingu yameanza kujikusanya. Mvua ikinyesha huku juu, korongo la chini ya mlima linajaa, na hakuna gari linalopita. Ndiyo maana tumekuja kulichukua sasa. Mimi nilifuatana na Elia nimpikie tu, basi.

Kwa kuwa usukani haushiki, kulivuta kwa kamba haiwezekani. Fundi Saidi wa Kongwa ametuundia kigari cha magurudumu mawili, kwa ekseli ya zamani na vyuma vilivyobaki tangu enzi ya mashamba ya karanga ya Waingereza. Magurudumu ya mbele ya pikapu yamepandishwa juu yake yakafungwa minyororo, na kigari kimeungwa nyuma ya Landrova tuliyoazimwa na jirani. Ya nyuma yatatembea chini yenyewe. Lakini lazima mtu akae ndani ya pikapu akanyage breki kwenye mteremko, la sivyo uzito wake utaisukuma Landrova mpaka bondeni. Tulijua mtu huyo ni fundi.

Mchana huu amekaza nati ya mwisho, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akasema, "Elia, kazi yangu imeishia hapa. Kupanda sipandi."

"Fundi, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nitengeneze. Nina watoto mimi, na mteremko ule naujua."

Elia hakumlaumu. Yeye mwenyewe hana budi kuendesha Landrova, maana jirani aliiazimisha kwa sharti kwamba asiiguse mtu mwingine. Wanaume wa hapa wana nguvu, walitusaidia kuliinua gari, lakini hakuna aliyewahi kukanyaga breki. Nikaona macho ya Elia yanawapitia wote, yananiruka mimi. Nikasema nitakaa mimi. Sauti iliyotoka sikuijua.

"Koleta, hapana."

"Si ulinifundisha mwenyewe? Breki naijua."

"Hii siyo hiyo unayoijua. Injini ikiwa imezimwa ni kama kukanyaga jiwe."

Akaanza kunielekeza. Akitoa mkono dirishani, nikanyage. Akiurudisha, niachie. Honi sina, kwa kuwa betri haipo.

Mama Chilewa ameniletea uji wa uwele. Akaniuliza, "Mwanao umemwacha na nani?" Nikauweka uji chini.

Neema yuko kwa Mama Rose, jirani yetu wa ukuta mmoja. Dada, nisikufiche. Bahasha nimeiandika anwani yako na nitaiweka mfukoni. Kama barua itakufikia ikiwa imeishia hapa, njoo umchukue. Anaogopa radi, na hagusi dagaa bila ndimu.

Ipagala, Dodoma, Ijumaa

Naendelea nikiwa kwenye meza yangu, dada.

Tuliondoka jana asubuhi. Mama Chilewa alitembea kando ya dirisha langu mpaka mwendo ukamshinda. Mteremko ulipoanza nikaona mkono wa Elia, nikakanyaga. Ukarudi, nikaachia. Tukaenda hivyo kidogo, kisha vumbi la Landrova likafunga kila kitu. Sioni mkono, sioni Landrova, naona boneti peke yake. Na boneti ikaanza kuinamia kushoto, upande wa bonde.

Nilijiambia ni barabara tu. Halafu nikasikia mnyororo unaburuzika. Nikaita, "Elia! Elia!" ikawa kama ninaita ndani ya gunia. Niliogopa kukanyaga, maana nikikanyaga sana huenda gari likang'oka lote. Niliogopa kuacha. Boneti ikainama tena, nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nikajiinua kitini mpaka kichwa kikagonga paa. Magurudumu ya nyuma yakalia kwenye changarawe. Tukasimama.

Elia alikuja mbio. "Mbona umenikamata hivyo? Mkono sikutoa!"

Nikamwonyesha kushoto kwa kidevu. Gurudumu lilikuwa nusu nje ya kigari, ndoano ya mnyororo imefunguka kwa mtikisiko. Chini yake hakuna kitu, ila vilele vya miti. Elia aliinama akaliangalia. Kisha akasema polepole, "Usiachie, Koleta," akaanza kubeba mawe. Alitega magurudumu yote, akaleta jeki, akalirudisha gurudumu mahali pake, na muda wote huo sikuachia.

Alipomaliza alikaa chini barabarani. "Tuliache," akasema. "Wezi wachukue tu."

Nilitamani sana kusema ndiyo. Lakini lilikuwa katikati ya njia, na lori lolote likitokea juu lingeua watu. Nikamwambia, "Funga tena, ukaze. Nisishuke, maana nikishuka sitapanda."

Akafunga. Tukateremka mwendo wa konokono, yeye akisimama kila mara kukagua. Korongo tulilikuta kavu. Hata tulipoingia lami mguu wangu ulibaki juu ya breki, na hapa Ipagala majirani walipotuzunguka kutupa pole, nilishindwa kushuka. Si kwamba sikutaka. Mguu haukunisikia. Elia akafungua mlango, akapiga magoti chini, akaushika kwa mikono miwili, akautoa kwenye breki taratibu kama anayetoa mwiba. Ndipo nikalia, na yeye akalia, mbele ya watu.

Mama usimsomee yote, mwambie tu gari limefika. Nisalimie shemeji, na mjomba wetu wa kanisani, na bibi mzaa baba, na wanao wote, hasa kitinda mimba ambaye sijamwona. Neema analala hapa pembeni, ameshika kanga yangu, nami nimemwacha aishike.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Koleta