Simu ya Mama Inatosha, Usilete Nyingine

Dunda,
Bagamoyo.
10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Mikdad,

Assalaam alaykum. Na marahaba kabisa, maana najua shikamoo yako umeshaitoa kabla hujamaliza kufungua bahasha. U hali gani huko Salalah? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepona, au bado unakunywa maji ya barafu usiku kama zamani? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama ni mzima, anakula na analala. Eda yake inakwenda vizuri, na Mungu akipenda atatoka mwezi wa kwanza.

Usishangae kuletewa barua ya karatasi na Ahlam, binti wa Mzee Nasor, wakati simu ipo. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani unaombewa afya uani. Kuna mambo sikutaka Mama anisikie nikiyasema, ndiyo nimeona niyaandike.

Kwenye ujumbe wako wa mwisho umesema utamletea Mama simu ya bei kubwa, kwa sababu hii niliyomnunulia mimi eti haionyeshi. Halafu ukaongeza kwamba huenda tatizo si simu: Mama amekukasirikia kwa kutokuja kumzika Baba, ndiyo maana kila ukipiga video unaonyeshwa neti na dari. Mikdad, yote hayo umekosea. Nianze na simu, maana hiyo nimeikagua kama mchumba.

Ile simu si ya kuchekwa. Si ya wenye pesa zao, na si zile za chee zinazokufa kabla ya Idi, iko katikati. Niliichagua mwenyewe dukani kwa Mzee Nasor, nikamchosha mpaka akaagiza kahawa. Ukiichaji asubuhi inafika kesho yake, hata umeme ukikatika. Spika yake ina nguvu, na Mama, ambaye sikio la kushoto limeanza uzito, anasikia bila kuuliza mara mbili.

Kamera niliijaribu Fukayosi, shambani kwa marehemu. Nilimpigia Mama picha ya mihogo, kwa kuwa mwenye eda hawezi kwenda kuitazama. Akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kunigombeza kwa magugu ambayo mimi niliyesimama pale pale sikuyaona! Sasa kamera hiyo ina upungufu gani?

Kasoro zipo, nisikufiche. Chumbani, taa ikiwa hafifu, picha inakuwa na chengachenga. Na tangu binti yangu Lulu aijaze video za mapishi imekuwa nzito kufunguka. Nimemwambia azifute, anajitia hasikii. Lakini hayo si ya kumfanya mtu avuke bahari na simu nyingine mkobani. Kwa mahitaji ya Mama, hii inatosha na kuzidi.

Hilo la neti na dari lilinitesa mimi kabla yako. Nilimrudia Mzee Nasor nimevimba, nikamwambia ameniuzia kimeo. Akaiwasha, akapiga video nyumbani kwake, na uso wa Ahlam ukatokea mpaka kidoti cha shavuni. Kisha akaniambia kwa upole, "Bi Wahida, simu haina neno. Kamwulize mwenye simu." Nilirudi nyumbani nimenywea, maana sasa na mimi nilianza kuogopa kile unachokiogopa wewe.

Nikamkalia Mama kitako nikamwuliza, "Mama, mbona Mikdad akipiga unailaza simu chali kitandani? Una kinyongo naye?"

Akanitazama kama niliyeishiwa akili. "Kinyongo cha nini tena? Si nyinyi mliofunika kioo cha kabati, mkasema mwenye eda hajitazami? Halafu mnaniletea kioo cha mkononi!"

Kumbe simu ya video ikiita, kabla hujapokea, uso wako mwenyewe ndio unaojaa pale, na ukishapokea unabaki kwenye kona. Na ile kanga ya kabatini niliifunga mimi kwa mkono wangu, siku ya kwanza ya eda, Shangazi Hajra akinisimamia. Dukani nilikagua betri, spika, kamera, mpaka kava. Hilo halikunijia hata kidogo. Maskini Mama alikuwa akiukimbia uso wake, wewe huko ukadhani anakukimbia wewe.

Nikaenda kwa Maalim Mwinyimvua wa madrasa. Akasema sheria inamkataza mwenye eda kujipamba, si kujiona. Habari ya kioo ni mila ya wazee tu. Nilipomfikishia Mama, akasema amesikia, Mungu amlipe Maalim kheri, ila mama yake alikaa hivyo, na bibi yake alikaa hivyo, na yeye ataimaliza hivyo hivyo. Unamjua. Sikubishana naye.

Dawa ameipata Lulu, nayo ni plasta. Amebandika kipande cha plasta ya kidonda pale kwenye kona inapotokea picha ya mwenyewe, na simu ikiita atapokea mtu mwingine kwanza ndipo tumpe. Tumeijaribu: Lulu alipiga kutoka uani, mimi nikapokea, nikampa Mama. Alicheka jamani, akamwambia mtandio wake umekaa upande. Simu sasa ina sura ya mgonjwa, Mzee Nasor akiiona atalia, lakini kazi inafanya.

Habari ya maziko nayo nilimwuliza, tena bila kuzunguka. Akasema, "Baba yake ndiye aliyemtuma aende kutafuta. Amefariki Alfajiri, tumemzika Adhuhuri. Angefikaje, ana mbawa?" Kisha akasema ana hamu ya kukuona, kwa sababu katika wanawe wote wewe ndiye uliyechukua sura ya Baba, na tangu siku tuliyomtoa hapa nyumbani hajaiona tena. Mdogo wangu, nililia. Nilitoka nikaenda kulia jikoni.

Basi usinunue simu yoyote. Ukishapata barua hii, piga Ijumaa yake, watu wakitoka msikitini. Tutakuwa tumefungua madirisha yote. Vua hiyo kofia ya kazini, kaa penye mwanga, na usiisogeze simu hovyo kama ulivyozoea.

Shangazi Hajra anakusalimu, shemeji yako Seleman pia, na Lulu anasema usisahau udi wake. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na akurudishe kwetu ukiwa na afya. Mama peke yake hajakutumia salamu. Nilipomwomba, amesema zake atakupa mwenyewe, akikutazama.

Dada yako akupendaye,
Wahida