Shangazi Niliyemuua kwa Mdomo

Jumatano. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kali, na mimi sina raha hata kidogo.

Leo nimemuua shangazi yangu.

Shangazi Mwamini yuko hai kwake Kabezi, kwenye njia ya Bujumbura, na saa hizi huenda anatwanga sombe, majani yake ya muhogo, huku akiwafokea kuku. Nimemuua kwa mdomo tu, sokoni hapa Rumonge, mbele ya ndoo zangu za mawese. Mama Zaina, jirani yangu, aliniuliza kesho nafuata nini njia ya Bujumbura wakati magari yanapigwa risasi. Nikamjibu, "Shangazi amefariki. Naenda kilio." Maneno yalitoka bila hata kukwama.

Ukweli ni huu. Kabla ya Ramadhani nilipimwa mlango wa kizazi kwenye kituo cha afya. Majibu yaliporudi niliitwa, sikwenda. Nikaitwa tena, nikasingizia mawese yako jikoni. Juzi muuguzi Goreti akanifuata mwenyewe sokoni, akanivuta pembeni.

"Mama, rezilta ya kipimo haiko sawa. Haijakuwa kansa, lakini ukiiacha inaweza kuwa. Alhamisi daktari iko Bujumbura, atakuangalia vizuri na kukata kanyama kadogo ka kupima. Usikose tena."

Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama huu si ugonjwa wa malaya. Akasema hapana, mwanamke yeyote aliyewahi kuwa na mume anaweza kuupata, na kinachouleta kinaweza kujificha mwilini miaka mingi. Nilimwamini. Lakini mtaa mzima haukuwepo kumsikia. Mimi ni mjane tangu vita vianze, na nawajua majirani zangu. Wangeanza kuulizana ni nani aliyekuwa akiingia kwangu.

Kwa hiyo nikaona kifo ni safari isiyoulizwa maswali.

Nilisahau kwamba kifo hakiachiwi mtu mmoja. Nilipofika nyumbani nikakuta mikeka imetandikwa uani. Huyu kaleta unga, yule sukari, mwingine sufuria kubwa ya harusi. Wakaniketisha katikati, wakanifunika kanga, wakaanza kumsomea shangazi yangu aliye hai. Machozi yalinitoka kweli. Kila nilipolia kwa aibu, walizidi kunikumbatia.

Aliyelia kuliko wote ni Mama Zaina. Kaka yake alichukuliwa mwaka jana kwenye barabara hii hii, na mwili haukuonekana. Hakuna aliyemtandikia mkeka, maana mama yao bado anamwekea chakula. Leo alipata mahali pa kulia, na mahali penyewe ni uongo wangu.

Alipofuta macho akanishika bega, akatangaza mbele ya wote, "Mutu haendi kilio peke yake. Kesho mimi na Mama Hawa tunapanda gari pamoja. Kama ni risasi, itupate wawili."

Ana mtoto anayenyonya. Angembeba mgongoni akapite naye kwenye risasi kwenda kumzika mtu ambaye angetufungulia mlango mwenyewe.

Niseme wazi, kwa kuwa kwenye daftari hili hakuna wa kunisikia: kwanza niliwaza nisiende kabisa. Nijifanye homa, siku ya daktari ipite, kilio kiishe, jina langu libaki safi. Nilikaa juu ya mkeka nikichagua kansa, na sikuona ajabu. Nikamwangalia yule mtoto amelala kifuani kwa mama yake, nikaona siwezi tena kumdanganya.

Baada ya swala ya alasiri nilimfuata Mama Zaina jikoni, akiwa anaosha vikombe. Nikamwambia yote: shangazi, kipimo, daktari. Hakugeuka. Aliosha vikombe vyote mpaka vikaisha.

"Nimemulilia kaka yangu hapa kwako," akasema.

 

Alijipangusa mikono, akamfunga mtoto mgongoni. Nilijua anaondoka, na kwamba kabla ya magharibi mtaa mzima utakuwa umejua. Mlangoni akasimama.

"Mutoto nitamuacha kwa mama. Saa ngapi gari?"

Nikamwambia asije, sistahili.

"Kwa maiti nilikuwa nakubali kupanda iyo gari. Kwa mutu muzima nitakataa?" Sauti yake ilikuwa bado ya hasira. "Lakini bale bengine utabaambia weye mwenyewe. Mimi siwezi."

Wako uani, nawasikia. Wamefika kwenye dua ya kumwombea shangazi kaburi lenye nafasi. Nikimaliza mstari huu natoka kuwaambia. Nimeuandika polepole kuliko yote.

Kesho barabara ikifunguliwa tutapita Kabezi. Shangazi huuza ndizi kando ya njia, na kila gari likipita huinua kichwa kutafuta anayemjua. Je, nitaweza kumpungia mkono?