Kamba Anashika Shemeji

Jumamosi, 5 Julai 2025. Korogwe

Baba kapiga simu asubuhi, nikiwa nashona suti ya bwana harusi. Kasema jiwe anampa Habakuki, kijana wa jirani yake. Kasema hivyo hivyo tu, kama anayetoa habari za mvua. Jiwe letu! Jiwe la nyuki la kule Sindeni, genge lenye mzinga wa asali juu. Babu alilipanda, baba akalipanda, mimi nikalipanda toka niko kinda mpaka mimba ya Yusra iliponishusha. Yusra leo yuko kidato cha pili. Baada yangu alipanda kaka Salimu, naye sasa yuko Geita machimboni, asali hana habari nayo. Misimu imepita hakuna wa nyumba yetu aliyegusa sega. Na pale inajulikana – jiwe ni la anayelipanda. Asiyepanda anapisha.

Habakuki si mtu mbaya. Kazi yake kupanda minara ya simu, ana mkanda wa kiunoni na kofia ngumu. Nimemfuta kamasi huyu.

Nikausikia mdomo wangu unasema: "Baba, mwambie asubiri. Nitapanda mimi."

Halafu akacheka mpaka akakohoa. Mwisho akasema sawa, ananipa mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Nipande, nirine asali, nishuke kwa kamba yetu. Nikishindwa, au nikishushwa na mtu mwingine, Habakuki anachukua jiwe na nisije kumlilia.

Mume wangu Faraji alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, taratibu, kisha akaenda kuoga.

Jumatatu, 7 Julai. Korogwe

Mazoezi. Jirani ana nyumba ambayo haijaisha, tofali zimetokeza kila mahali, vidole vinapata pa kushika. Nikavaa suruali ya Faraji ndani ya kanga. Nilikuwa nimefika usawa wa linta jirani wa upande wa pili, Mama Rhoda, alipochungulia. Akauliza kulikoni. Nikamwambia natafuta kuku. Akaangalia huku na huku, akasema kuku wangu wote wako kwake wanakula mtama wake.

Kufikia jioni mtaa mzima unajua. Wacha wajue. Mikono inauma, siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano, na nimefurahi kama mjinga.

Jumatano, 9 Julai. Korogwe

Faraji karudi toka kazini Ngombezi na kamba begani. Katani, mpya, nene, nyeupe bado. Kumbe toka Jumapili amekuwa akiwabembeleza wazee wa kule kiwandani wamsokotee. Kaiweka mlangoni, kajimiminia chai.

Kamba mpya ya katani haipandiwi hivi hivi. Ina ukaidi, inajisokotoa yenyewe, inakuzungusha hewani mpaka kichwa kinauma. Tumeiloweka kwenye pipa, tumeifunga kwenye miti miwili na kuning'iniza gunia la mchanga katikati ili inyooke. Faraji alikuwa anaibonyeza kila akipita. Mwanaume wangu huyu! Kuna waliopewa maua.

Ijumaa, 11 Julai. Sindeni

Leo nimeaibika.

Nilitaka kujaribu sehemu ya chini tu, bila kamba, ile niliyokuwa naipanda nikitafuna muhogo. Nikafika pale jiwe linapotokeza tumbo. Mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka, goti likawa linapiga kama cherehani ya umeme. Sikuweza kupanda wala kushuka. Nimeng'ang'ania pale kama kupe, jasho linaingia machoni. Na nani anapita chini? Habakuki.

Hakucheka. Ningependa angecheka. "Shikamoo Mama Yusra," akasema, kisha akanielekeza kwa upole mguu mmoja mmoja mpaka nikagusa ardhi. Akasema mkanda wake upo, niutumie tu, haina shida. Nikamshukuru, nikakataa, nikaenda nyuma ya choo cha baba kulia.

Baba kasikia. Hakunipa pole. Kauliza jicho langu lilikuwa linaangalia nini. Nikasema mikono. Akasema sasa nilitegemea miguu ijiongoze yenyewe?

Jumapili, 13 Julai. Sindeni

Kaja Adamu, mdogo wake Faraji, kutoka Mazingara. Ndiye atakayeshika kamba. Kwetu kamba anashika shemeji, si kaka wala mtoto wa baba mdogo. Baba anavyoeleza ni kwamba ndugu wa damu ukianguka anabaki na shamba lako. Shemeji ukianguka anaitwa na koo mbili kujieleza.

Na shemeji ana ruhusa ya kukutania, hiyo nayo ni dawa. Adamu hajafunga mdomo toka afike. Kasema angejua mzigo wenyewe ni huu angekuja na trekta. Kasema jiwe limeomba uhamisho. Kapita nyuma ya kilima mpaka juu, kazungusha kamba kwenye mti, kaniteremshia ncha. Nikajifunga kiunoni. Kila nikisita namsikia huko juu anauliza kama nimelala, aniletee mto.

Nikaangalia miguu. Miguu tu. Na miguu – sijui niandikeje – miguu ilikuwa inajua. Pale pa kukanyaga kwa ncha, pale pa kugeuza nyonga. Nililivuka lile tumbo nikiwa nawaza jibu la kumpa Adamu! Nimefika karibu na Kiti, ule ukingo chini ya mzinga ambapo mtu anaweza kukaa. Nikashuka mwenyewe, kwa kutaka. Baba alikuwa amesimama, na siku hizi kusimama si kitu chepesi kwake.

Mimi Mwaija binti wa mrina asali. Mtu mzima, fundi nguo, mwenye makalio yake. Najivunia. Naandika tena: najivunia.

Alhamisi, 17 Julai. Sindeni

Tunapanda kesho baada ya swala. Jumamosi baba haiamini, upepo unageuka, moshi wa kutuliza nyuki utatupulizia sisi wenyewe. Wengine hurina usiku. Jiwe hili gizani halipandiki.

Kila mtu kakumbushwa – maji matupu, hakuna sabuni ya kunukia wala mafuta. Nyuki hawapendi harufu ngeni. Faraji yuko njiani.

Ijumaa, 18 Julai. Kwenye Kiti

Naandika kwenye simu, nitanakili daftarini nikishuka. Nikishuka!

Nimepanda. Vizuri. Bila kutetemeka hata kidogo! Nimefukiza, nimekata masega, ndoo iko hapa pembeni imejaa, asali nyeusi ya maua ya miiba, ile ninayoikumbuka. Nilikuwa nataka kupiga vigelegele nyuki walipoinuka wote pamoja. Nikainamisha kichwa ndani ya kanga. Wakanipita. Wote. Wakaenda juu.

Juu kuna Adamu.

Nikamsikia anapiga kelele, lakini kamba haikulegea hata inchi moja. Nikamuuliza ana nini. Akajibu kwa vipande vipande: msikitini, wakati wa kutoka, mzee mmoja alikuwa anawapaka watu marashi ya atari mikononi kama kila Ijumaa. Naye kapokea kama kila Ijumaa. Kapokea, kasema ahsante, kaja kushika kamba!

Nyuki wako mikononi mwake na kamba haachii. Nikamwambia akimbie. Hasikii. Akasema, "Shemeji, nikiachia nitamwambia nini kaka?" Basi nikafanya nililoweza. Nikakaa vizuri, nikafungua fundo kiunoni, nikaisukuma ncha itoke kwenye ukingo aone kwamba sina kitu. Nikamwambia sasa hushiki mtu, kimbia. Hapo ndipo alipokimbia.

Niko peke yangu, bila kamba. Mgongo kwenye jiwe. Sitegemei kuaminiwa lakini sikuogopa. Naona mashamba mpaka mbali. Nilisahau kwamba kuna mahali ninapoweza kuona hivi.

Chini wapo watatu. Faraji ameketi, amejishika kichwa. Baba amevua kofia. Habakuki amefunga mkanda, kofia ngumu kichwani. Ameita kwa adabu: "Mama Yusra, nakuja kukutoa. Hakuna atakayesema kitu." Najua hakuna atakayesema. Tutanyamaza wote na jiwe litakuwa lake.

Adamu amerudi. Sauti yake imekuwa nzito, midomo imevimba. Anasema jicho moja limeziba na la pili liko njiani. Nimemuuliza mikono je. Kaifuta kwa mchanga, kajisugua na majani, haina harufu tena. Ameivuta kamba yote juu, anaizungusha kwenye mti mara mbili. Akauliza:

"Shemeji, unakuja na mimi au unamsubiri yule wa minara?"

Habakuki ameshaanza kupanda. Anapanda vizuri, lazima niseme. Faraji ananiita, anasema nimsubiri Habakuki, tafadhali. Kwa mara ya kwanza toka haya yaanze ameniomba kitu. Baba anaangalia miguu yangu.

Adamu anairusha ncha akiwa haoni. Imenipita. Karusha tena. Nimeidaka.

Nimemwambia Habakuki asimame hapo hapo alipo. Amesimama. Nimefunga fundo, nimelikaza kwa meno, ndoo iko mgongoni. Nimeivuta kamba kumjulisha Adamu.

Huko juu ameikaza.