Piza ya Mama Nannina, na Mahali Ilipolala

Sanità, Napoli
27 Novemba 1983

Mpendwa dada yangu Titina,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini joto la Buenos Aires halijawachosha. Hujambo wewe? Shemeji Osvaldo mgongo umempa nafuu? Na watoto, bado wanacheka Kinapoli chako? Sisi ni wazima, ila mimi goti la kushoto linanisumbua kila ninapopanda ngazi za kwenu, na siku hizi nazipanda sana.

Najua unataka habari za baba yako, Baba Mkubwa wangu, kwanza, basi nisikuzungushe. Tangu tumzike mama yako Nannina mwezi wa tano alikuwa hali chakula. Anakunywa kahawa, anamega mkate, basi. Daktari alimpima akamkuta na kilo hamsini na nane, yeye Aniello aliyekuwa akijaza kiti chote cha udereva wa tramu. Akasema akipungua tena atamlaza hospitali. Nawe ukaandika kwamba ifikapo Krismasi utakuja umchukue. Nilipomsomea barua yako alitazama ukuta. Titina, nilijua tukimng'oa hapa hafiki mwaka.

Ndipo nikakumbuka piza ya Jumamosi ya mama yako, ile ya kwenye sinia jeusi la chuma. Nikasema, huyu mtu hana ugonjwa, ana hamu. Nikampikia. Alitafuna kipande kimoja, akasema Mungu akubariki mwanangu, akasukuma sahani. Heshima tupu.

Sasa unanijua, mimi kitu kikinishinda silali. Unga ni uleule, duka lilelile, sinia lilelile, kwa nini ladha iwe nyingine? Nikaamua kila Jumamosi nibadilishe jambo moja tu, nione. Nilianza na hamira. Nilikuwa natia nyingi ili unga uumuke upesi, na uliumuka kweli, lakini piza ilinuka hamira kama pumzi ya mlevi. Haraka haraka haina baraka. Nikapunguza hadi chembe ya kushika kwa vidole viwili, nikauacha unga hadi mchana. Loo, ladha ilibadilika mpaka nikakaa chini. Ulikuwa na utamu wa ngano yenyewe, ambao sikujua kama upo.

Kisha nyanya. Mimi nilikuwa nazipika kwanza, eti mpishi hodari, kumbe nilikuwa napaka mchuzi wa makaroni ya Jumapili juu ya mkate. Nikaziponda mbichi kwa mkono, chumvi kidogo, basi. Jibini nalo lilikuwa linatoa maji katikati ya sinia mpaka kitako cha piza kinalowa. Nikalikata tangu jana yake, nikaliacha kwenye chujio lichuruzike. Mrehani nikautia juu, ukaungua ukawa mchungu. Nikautia chini ya jibini, ukakaa salama. Ajabu mambo madogo namna hiyo, dada, na kila moja linaonekana mdomoni.

Bi Rafilina wa ghorofa ya chini aliniuliza kama nataka kumfufua Nannina kwa unga. Nikamwambia alete sahani au anyamaze. Alileta sahani. Wajukuu zake nao wakaleta. Mtaa mzima ulinenepa isipokuwa Baba Mkubwa. Wewe uliponiandikia kwamba siri ilikuwa maji ya uvuguvugu, nilijaribu hayo pia. Alisukuma sahani, Mungu akubariki mwanangu. Nililia ngazini siku hiyo, sikufichi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kwao alfajiri nikandie hapohapo. Nilimkuta jikoni, kakaa kitini na koti lake la kazi begani. Nikachungulia chumbani: kitanda kimetandikwa, shuka limenyooka vilevile nilivyolitandika mimi siku ya maziko. Miezi sita, Titina, mzee analala kitini, na mimi nahangaika na mrehani.

Nilikanda, nikachora msalaba juu ya unga, nikaweka beseni karibu na jiko. Akalitazama beseni, akasema, "Hapo haulali vizuri."

Nikamuuliza unga ulikuwa ukilala wapi.

"Mahali pangu," akasema. "Nikiamka saa kumi alfajiri kwenda kwenye tramu, Nannina alikuwa anaingiza beseni kitandani, palepale nilipolala, anafunika blanketi. Alisema joto langu lisipotee bure."

Wewe ulikuwa unakoroma saa hizo, ungejuaje? Miaka thelathini na minane huyu mtu alikuwa sehemu ya unga, na sisi tunatafuta siri kwenye maji. Nilitaka kumwambia kitanda sasa ni baridi, nikauma ulimi. Nilipika, akamega kidogo, nikaenda zangu.

Jana nilipanda tena. Kiti cha jikoni kilikuwa kitupu, na moyo ulinipasuka, sikufichi hilo pia. Kumbe alikuwa kitandani, upande wake, macho wazi, na mto wa mama yako haukuguswa. Alinisubiri nikande. Niliposimama mlangoni na beseni akatoka na soksi zake, akainua blanketi.

"Weka upesi kabla hapajapoa."

Adhuhuri nilimpa kipande. Akatafuna taratibu, mimi nimesimama kama mshtakiwa. "Si yake," akasema. Mara ya kwanza kuniambia ukweli. Kisha akamaliza kipande, akachukua cha pili, akachukua na cha tatu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Alipomaliza akaniambia Jumamosi ijayo nipunguze chumvi.

Kwa hiyo Krismasi njoo, lakini usije kumchukua. Njoo ule.

Nisalimie Osvaldo, Mirta na kadogo Nélida. Mama yangu anakubusu, na Bi Rafilina pia, ambaye bado hajarudisha sinia nililomwazima. Bikira Maria awafunike wote kwa vazi lake, baharini na nchi kavu.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye daima,
Filomena